Kofia Niliyoivua Ziwani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine hupenda kusafiri. Mimi hupenda kuwasikiliza waliosafiri, nikiwa nimekaa. Kwangu Sironga kuna baraza linalotazama mteremko wa chai, migomba ya jirani na vilima vinavyoshuka kuelekea upande wa ziwa. Kwenye baraza hilo nimefanya kwa bidii kazi moja kuliko zote: kutazama mvua ikija. Najua inapoanza, najua migomba itageuza majani dakika ngapi kabla ya tone la kwanza, najua moshi wa jikoni utalala upande gani. Mke wangu husema kwamba mimi ndiye mtu pekee anayejua mvua inakuja na bado nguo zikalowa kwenye kamba.

Kwa hiyo ukisikia kwamba mtu huyu, asiyejua kuogelea hata kwenye beseni, aliwahi kushindana kwa mashua za tanga katika Ziwa Victoria, cheka kwanza. Hata sisi tulicheka.

Mashua ilikuwa ya baba mkwe wangu. Yeye ni mtu wa ziwani aliyepanda huku mlimani akiwa kijana, akafungua karakana ya useremala Nyakoe. Amewatengenezea watu vitanda kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipenda kuwaambia wateja kwamba nusu ya watoto wa Nyakoe wameanzia kwenye mbao zake. Aliyasema hayo akihakikisha kwanza kuwa mimi siko karibu. Mimi nilikuwa nayasikia nikiwa nyuma ya rundo la mbao, nikijifanya nahesabu misumari.

Yeye kwao ni Kijaluo, mimi kwetu ni Ekegusii, kwa hiyo kati yetu ilibaki Kiswahili. Chake alikiokota sokoni, kifupi na kimenyooka kama msumari. Changu nilikipata darasani hadi kidato cha nne, nilikopewa alama kwa kuanza barua na natumai hujambo, na ikiwa ungetaka kujua hali yangu, mimi pia sijambo. Ndugu yangu akiungua moto ningempa habari hiyo baada ya salamu.

Na juu ya hayo kuna chinsoni. Kwetu ndiyo heshima inayosimama kama ua kati ya mtu na wakwe zake. Baba mkwe humgusi ovyo. Humkatizi maneno. Kumwamuru ni jambo ambalo hata mlevi hulifikiria mara mbili. Nilipooa, shangazi yangu alinikalisha jikoni akanifundisha: ukitaka kusema na mkweo, vua kofia, omba radhi, halafu ndipo useme. Nililishika somo hilo vizuri kuliko hesabu na kemia zikiwekwa pamoja.

Siku aliyoniita Nyakoe, nilidhani kuna kitanda cha kubeba. Alinikalisha kwenye benchi la karakana akanieleza habari ya macho yake. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani. La kulia, daktari wa macho wa Kisii mjini alimwambia, lilikuwa linajifunga polepole kuanzia pembeni, kama mtu anayefunga mapazia. Kilichobaki ni kile kilicho mbele moja kwa moja.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kule kwetu kuna yale mashindano ya mashua za watu wawili. Nimeshiriki mara nne. Mara nne mdogo wangu amenitangulia. Kila Krismasi ananiambia mimi ni bingwa wa kuelea juu ya kitanda."

Nilimjua huyo mdogo wake, aliyebaki ufuoni akivua samaki. Ni mtu wa kucheka kwa sauti, na kicheko chake hukaa nyumbani mwako siku mbili baada ya yeye kuondoka.

"Nataka nimtangulie mara moja tu," baba mkwe akasema. "Nikiwa bado naona kwamba aliye nyuma ni yeye."

Nikamwambia ni jambo jema, nitamwombea.

"Usiniombee. Unakuja nami. Nahitaji mtu wa kukaa mbele aone upepo unapohama, aniambie. Vijana wangu wako Nairobi. Wewe una macho, una kilo, na huna kazi ya haraka."

Yote matatu yalikuwa kweli, nikakosa pa kukatalia.

Tulijifunzia nchi kavu. Ziwa liko mbali na Nyakoe, basi alitoa kitanda cha mteja, cha futi tano kwa sita, bila godoro, akakiweka mbele ya karakana na kusimika mti katikati. Hiyo ndiyo mashua. Mimi nikae ubavuni kuelekea mbele, yeye akae nyuma na mpini wa jembe uliokuwa usukani. Mgusii akae kitanda kimoja na baba mkwe, mchana kweupe, kando ya barabara. Nilikalia ukingo kama mtu anayekalia miiba. Mama aliyekuwa akiuza ndizi ng'ambo alisimamisha biashara yake.

"Wakwe wameingia kulala saa nne asubuhi," akawatangazia wenzake. "Waleteeni blanketi."

Baba mkwe hakumjali. "Upepo umehamia kulia," akaniambia. "Unasema nini?"

Nikavua kofia. "Baba, samahani, nafikiri..."

"Tumeshazama. Tena."

"Tafadhali geuza, baba."

"Tafadhali iache hapa Nyakoe. Sema geuza."

"Mkwe," mama wa ndizi akaita, "mfikirie ni ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi yako."

"Nakubali kuwa ng'ombe hadi saa sita," baba mkwe akasema. "Sema."

Hadi saa sita nilikuwa nimeweza kutamka geuza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwenye meza ya watu wengine. Alinipiga bega, nami nikaruka. Akasema itatosha, kwa sababu kwenye maji kichwa hufanya kazi haraka zaidi. Alikosea, lakini alikosea kwa kunipenda.

Nyumbani, mke wangu alinifungia chapati za safari na onyo. "Neno moja," akasema. "Baba anataka neno moja tu kutoka kwako. Usimwandikie barua."

Mashindano yalikuwa Jumapili, si Jumamosi, nikakosa hata kisingizio cha Sabato. Tuliteremka na mke wangu asubuhi, joto likiongezeka kila kilima tulichoacha nyuma. Mashua kumi na nne zilikuwa zimepangwa mchangani. Yetu ilikuwa ya mbao, aliyoichonga mwenyewe, nyembamba, na tanga moja la pembe tatu lenye mti uliolala chini yake. Tanga likihama upande, mti ule hupita juu ya watu, na asiyeinama hukumbushwa.

Baba mkwe akatokea amevaa kaptura. Katika miaka kumi na minne ya ndoa sikuwa nimewahi kujua kwamba ana magoti. Nilitazama ziwa kwa makini.

Mdogo wake akaja kutusalimu akinizunguka kama mtu anayekagua fahali. "Hii ndiyo injini? Mimi naona gunia la ndizi limevaa kofia."

"Gunia lina macho," baba mkwe akajibu.

Mwenzake huyo mdogo katika mashua alikuwa binti yake mwenyewe, mwalimu wa chekechea mwenye sauti ya kuwaita watoto watoke mtoni. Nilimwonea wivu kabla hata hatujaingia majini. Yule alikuwa na ruhusa ya kuzaliwa ya kumfokea nahodha wake.

Njia ilikuwa hivi: unakwenda hadi mtungi mwekundu unaoelea mbali, unauzunguka, unakwenda mtungi wa njano, kisha unarudi ufuoni. Ugumu wake ulikuwa saa. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukienda ziwani; mchana ziwa huurudisha. Wao huanza mashindano saa ambayo upepo mmoja unachoka na mwingine haujaamua, na unapoamua, huja kutoka unakotaka.

Safari ya kwenda sikuwa na la kufanya ila kuchota maji kwa kopo na kujutia chapati. Lakini karibu na mtungi mwekundu niliona kitu ambacho kilinifukuzia woga wote. Maji ya upande wa kushoto yalikunjamana na kuwa meusi, na weusi ule ukatembea kuja kwetu, vilevile kama shamba langu la chai linavyobadilika rangi upepo unapolipitia. Kumbe ziwa ni shamba la chai lililolowa. Miaka yote niliyoketi barazani nikiitwa mvivu, nilikuwa nasomea kazi hii.

Sikusema neno. Nilinyoosha mkono kushoto, mbele ya uso wake, pale jicho lake lilipokuwa bado na dirisha. Akaona. Akageuza, nasi tukainama, mti ukapita, tanga likajaa kwa sauti ya shuka jipya linalokung'utwa. Tulizipita mashua tatu.

"Mkono huo," akasema nyuma yangu. "Endelea na mkono huo."

Nilinyoosha tena kabla ya mtungi wa njano, na tena baada yake. Kila mara akageuza. Tulipoanza kurudi ufuoni hapakuwa na mtu mbele yetu. Mdogo wake alikuwa nyuma, umbali wa kama migomba kumi, na baba mkwe aligeuza kichwa chote ili jicho lake limpate. Alimtazama kwa muda. Sikuwahi kumwona na uso ule hata siku nilipompelekea ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wale, kusema kweli, walikuwa wamekonda.

Kisha tukaingia kwenye mng'aro. Jua lilikuwa limeyageuza maji kuwa bati jipya, na mwanga ukawa unatupiga usoni. Nilinyoosha mkono kumjaribu.

"Sioni mkono," akasema. Hakuogopa. "Sasa sema kwa mdomo. Ukiona, sema."

Ufuo ulikuwa karibu kiasi cha kutambua gauni la mke wangu. Moshi wa waliokuwa wakikaanga samaki ulikuwa umelalia upande wetu tangu mwanzo. Niliuona ukisimama wima. Halafu niliuona ukiinama upande mwingine, na kulia kwetu maji yakaanza kukunjamana, meusi, mapana, yakija haraka. Ulikuwa upepo wa ziwa umeamua. Nimeutazama upepo maisha yangu yote na sijawahi kuuona wazi kama nilivyouona ule.

Neno lilikuwepo. Nilikuwa nalo mdomoni, nimelifanyia mazoezi juu ya kitanda mbele ya soko zima. Lakini mkono wangu ulikwenda kichwani wenyewe, ukavua kofia.

"Baba," nikasema, "samahani kwa kukukatiza, nilikuwa naomba, kama itawezekana..."

Nimeipima sentensi hiyo mara nyingi barazani. Ni sekunde tano, labda sita. Neno geuza lilikuwa limebakiza hatua moja kufika. Nyuma yetu nilimsikia yule mwalimu: "Geuza, mzee, geuza, unalala?" Baba mkwe naye alisikia, lakini ilikuwa sauti ya mashua nyingine, na yeye alikuwa anangoja yangu.

Upepo ukatupiga usoni mwa tanga. Mti ukapita juu ya kichwa changu kisicho na kofia, ukarudi, ukapita tena. Mashua ikasimama, ikitetemeka kama ng'ombe aliyefika kwenye daraja asilolijua. Ilichukua muda kuigeuza pua yake ishike njia. Katika muda huo mdogo wake alitupita upande wa kulia, karibu kabisa, tanga limejaa. Aliniona nimeshika kofia kifuani, akainua kasia kuitikia salamu.

Tulikuwa wa pili. Watu wa pale walisema ni ajabu, fundi wa vitanda na mtu wa milimani kuwa wa pili kati ya kumi na nne. Walitupa soda.

Kabla ya soda, tukiwa bado kwenye maji ya magotini tukivuta mashua, baba mkwe aliniuliza bila kunitazama.

"Ule upepo. Uliuona?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa la kweli, na ningelitoa ningeonekana nilivyo: mtu mzima aliyeona, akajua, akakaa anabisha hodi. La pili lilikuwa fupi.

"Sikuuona, baba."

Hilo lilitoka mara moja, bila samahani.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Haya." Tukaivuta mashua mchangani.

Wakati wa kula, mdogo wake alisimama akasimulia mashindano yote kama redio. Alipofika mwisho akasema, "Na mkwe wenu ana adabu. Nilipompita alinivulia kofia." Watu wakacheka hadi wakaweka sahani chini. Baba mkwe alicheka nao, kisha akaacha, akawa anatafuna samaki taratibu. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ananitazama.

Tulipofika Sironga alisubiri hadi nimekaa kwenye kiti changu. "Niliiona kofia ikitoka kichwani," akasema. "Kabla upepo haujafika. Ulikuwa umeuona."

"Nitamwambia."

"Mwambie kesho."

Kesho yake mvua ilinyesha, na nikaitazama.

Ningejua neno lile sikuuona litafanya kazi gani, ningelimeza pamoja na maji ya ziwa. Baba mkwe hakulichukua kama kisingizio cha mkwe. Alilichukua kama habari kutoka ziwani. Wiki chache baadaye nilimkuta karakanani, turubai jipya la tanga limetandazwa mbele yake. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya mwaka uliofuata. Jicho, alisema, lilikuwa limebakiza nafasi ya mwaka mmoja, pengine. Sasa alikuwa analikata turubai lile vipande vya kufunikia mbao.

"Siendi tena," akaniambia. "Kama mwenye macho mawili hakuuona, mimi mwenye nusu nang'ang'ania nini? Zamani upepo wa kule ulikuwa unajitangaza. Ziwa limebadilika."

Nilisimama pale nimeshika kofia. Ningesema kweli angenitukana kwa Kijaluo, angecheka, angenirudisha juu ya kitanda mbele ya mama wa ndizi, na mwaka uliofuata tungeteremka tena. Ugonjwa wa ulimi wangu ulikuwa na dawa. Mimi nilimwambia ziwa ndilo linaloumwa, naye hakuwa na dawa ya ziwa.

Nikasema, "Pole, baba."

Kabla ya Krismasi aliivunja mashua mwenyewe, jicho likiwa bado linamruhusu kuona kichwa cha msumari. Ubao mrefu wa ubavuni akautengenezea benchi, akaliweka mbele ya karakana wateja wakalie. Ni zuri, limepinda kidogo pale mashua ilipopinda.

Miaka mitatu imepita. Jicho limejifunga kabisa, karakana inaendeshwa na fundi aliyefundishwa naye, na baba mkwe hukaa kwenye benchi hilo akigusa kazi za watu na kuzikosoa. Mimi huenda Jumatano, siku ya kuchuma chai ikiwa imepita. Mtu wa nyumbani nimekuwa na nyumba mbili. Nakaa upande mmoja wa ubao ule, yeye upande mwingine, na mara nyingi namweleza mvua imefika kilima gani. Hilo naliweza bila shida. Hakuna kinacholitegemea.

Jumatano moja, mchana, akaniuliza ghafla.

"Mdogo wangu alisema ulimvulia kofia. Ni kweli ulimvulia yeye?"

"Hapana, baba."

"Basi ulimvulia nani?"

Hakulisema kwa ukali. Mikono yake ilikuwa inapapasa ukingo wa benchi pale palipopinda. Nilijua nimefunguliwa mlango, na kwamba mtu aliyeufungua alikuwa amekaa nje yake miaka mitatu. Nikavua kofia.

"Baba," nikasema, "kwanza samahani, kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nilitaka..."

Akainua kiganja. Akageuza uso upande wa Keroka, ambako mvua haitoki mara nyingi. Mimi nilikuwa natazama upande wa ziwa, kama kawaida yangu.

"Inakuja huku," akasema. "Geuza benchi."

Niligeuza. Nilishika mwisho wangu, yeye akashika wake, tukalisogeza chini ya mabati, tukakaa tumeutazama ukuta. Mvua ikaanza kupiga paa kabla hatujakaa sawa, na ilikuwa kubwa, ya kuziba masikio. Ilipokwisha alianza kuzungumza juu ya meza fulani ambayo miguu yake hailingani.

Hajaniuliza tena. Nami, mtu wa kungoja kuulizwa mara ya pili, huenda kila Jumatano nikakaa upande wangu wa ubao, nikangoja.